Kupanga ufufuaji wa kompyuta za zamani ukiwa Mombasa

Mwenye kompyuta moja ya zamani hahitaji mpango mkubwa. Anaifungua, anaitazama, anaanza kazi. Zikishafika saba au kumi, moja chini ya kitanda, mbili juu ya kabati, nyingine bado iko kwa mjomba Likoni, mambo hubadilika. Wengi wetu hapo huchukua ile tunayoipenda kuliko zote, tukaishughulikia miezi na miezi, na huku nyuma zile nyingine zinaliwa na kutu. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima, tena ina chumvi, na mashine ya 1985 haikuundwa ikae miaka 40 katika hewa ya namna hii.

Kwa hiyo utaratibu ninaoushikilia ni huu: okoa zote kwanza, kisha fufua moja moja. Kuokoa ni kuzuia uharibifu usiendelee. Kufufua ni kuirudisha mashine ifanye kazi. Ni kazi mbili, na ya kwanza haingoji.

Hatua ya 1: Hesabu, na usiwashe chochote

Najua hamu ilivyo. Umeletewa mashine, plagi iko ukutani, mkono unawasha. Zuia mkono. Fundi mmoja mzee wa televisheni, ambaye wengi hapa mtaani tumejifunzia kwake, huwa ana neno moja kwa kila anayempelekea kitu kilicholala miaka: "Mwanangu, usikitie stima kwanza. Kifungue ukitazame."

Nunua kaunta buku, kila mashine uipe ukurasa wake na namba, na namba hiyo uibandike chini ya mashine. Andika jina na modeli, namba iliyo kwenye kibati cha nyuma, ilikotoka, kinachokosekana, na unachokiona ukishafungua kifuniko: kutu, ukungu, mayai ya mende, waya iliyogugunwa na panya. Andika na harufu. Harufu ya samaki ndani ya kompyuta mara nyingi ni kapasita (vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme) zinazovuja. Piga picha kila upande kabla hujachomoa waya hata moja. Picha hizo ndizo zitakazokuambia, miezi mitatu baadaye, ule utepe wa diski ulikuwa umeelekea wapi.

Kwenye ukurasa huohuo andika volti. Hapa petu stima ni volti 240, na kompyuta zilizoletwa na mabaharia au jamaa kutoka Marekani ni za volti 120. Nyingine zina swichi ndogo nyekundu nyuma, ya 115 na 230. Mashine ikiwa kwenye 115 ukaichomeka ukutani, pawa sapulai (kisanduku kinachoigawia mashine stima) inapasuka papo hapo. Isiyo na swichi inahitaji transfoma ya kushusha volti, na hiyo ni gharama ya kuiweka kwenye mpango tangu mwanzo.

Hapa pwani makusanyo huwa mchanganyiko. Kuna kompyuta za ofisi za 386 na 486, zinazoitwa kwa namba za chipu zake, zilizotupwa na ofisi za mawakala wa forodha. Kuna ZX Spectrum ya 1982 au BBC Micro ya 1981 kwa mtu aliyesomea Uingereza. Ukibahatika sana utakutana na Sakhr, ile ya mfumo wa MSX iliyouzwa na Al Alamiah ya Kuwait ikiwa na herufi za Kiarabu. Mashine kama Amstrad PC1512 ina siri yake: pawa sapulai yake iko ndani ya skrini, kwa hiyo ukiitenganisha na skrini yake umeiua. Mambo ya aina hii yaandike kwa wino mwekundu.

Hatua ya 2: Toa betri zote, katika mkusanyo mzima

Ukiwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, lifanye hili.

Bodi kuu (ubao wa saketi wenye chipu) nyingi za 286, 386 na za mwanzo za 486 zina betri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6, umbo la pipa dogo, mara nyingi ya rangi ya buluu na jina Varta, imelehemewa kwenye bodi karibu na soketi ya kibodi. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio. Ikizeeka inavuja, na kinachovuja ni alkali inayotambaa juu ya shaba na kuila. Utaona unga wa kijani na mweupe kwenye miguu ya betri, halafu njia za shaba zilizo karibu zimegeuka nyeusi, halafu chipu ya kibodi iliyo kwenye soketi imeshika kutu miguuni. Hatari ni kwamba inaendelea kutambaa hata mashine ikiwa imezimwa. Nimeona bodi nzuri kabisa za 386 ambazo kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa eneo la viganja viwili kuzunguka betri, na eneo hilo likatosha kuiangusha mashine nzima.

Macintosh za miaka ya 80 mwishoni na 90, kama SE/30 ya 1989, zina betri ya lithiamu ya volti 3.6, nusu ya urefu wa betri ya kawaida. Hiyo ikipasuka hula bodi na chuma cha ndani pia. Amiga 500 yenyewe haina betri, lakini kadi ya kumbukumbu inayoingizwa chini ya tumbo lake huwa nayo, na watu wengi husahau kufungua mlango ule.

Vaa glavu na miwani. Kata miguu ya betri kwa koleo la kukatia, usiivute, kwani ukivuta utang'oa na shaba. Sugua unga mkavu kwa mswaki mkavu, huku bodi umeiinamisha ili vumbi lianguke nje. Kisha chovya mswaki kwenye siki nyeupe upake palipovuja. Utaona mapovu madogo, ndiyo siki inapambana na alkali. Mapovu yakiisha, suuza kwa maji yaliyosafishwa. Hayo yanapatikana kwa urahisi kwenye vituo vya petroli kwa jina la maji ya betri, ila soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri huwekwa rafu hiyohiyo. Suuza tena, maana siki iliyobaki nayo hula shaba. Malizia kwa alkoholi ya isopropili, uiache ikauke siku mbili mahali penye feni. Betri uliyotoa usiitupe kwenye jaa la mtaa. Kadimiamu ni sumu. Iweke kwenye kopo la kioo mpaka uipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki.

Palipoliwa usipatengeneze leo. Chora mraba kwenye picha, andika ukurasani, nenda kwenye mashine inayofuata. Katika kupanga, hapa ndipo watu wanapopotea: wanaona njia moja imekatika, wanachukua pasi ya kulehemu, na wiki inaisha huku mashine nane bado zina betri ndani.

Hatua ya 3: Zipe mahali pa kulala

Kipima unyevu kidogo cha dijitali si ghali, na ndicho kitakachokuambia ukweli wa chumba chako. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 65 kwa muda mrefu, ukungu unaanza kuota kwenye flopi (diski laini za kuhifadhia data) na kwenye plastiki, na hapa petu hewa ya nje huipita hiyo karibu kila siku.

Huna haja ya kuwasha kiyoyozi saa zote. Bodi, kadi na flopi ziingie kwenye makasha ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, na ndani yake silika jeli. Silika inayobadilika rangi ni bora, kwa sababu ikishiba unyevu unaiona, unaikausha kwenye oveni na kuirudisha. Watu hupendekeza mchele. Sikubaliani nao: mchele unaacha vumbi la wanga na unaita wadudu.

Mashine nzima zisizoingia kwenye kasha ziwe kwenye rafu ya mbao, zifunikwe kwa kitambaa cha pamba. Nailoni inafungia jasho ndani. Kwa wanaoishi nyumba za Mji wa Kale, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa polepole, basi rafu isiguse ukuta, iache nafasi ya shubiri moja hewa ipite. Na chumba cha juu chini ya mabati kikwepe pia. Joto la mchana pale hukausha kapasita na kupinda plastiki.

Hatua ya 4: Soma flopi kabla ya kugusa mashine

Mashine mbovu inaweza kungoja. Flopi yenye ukungu haingoji, na kilichomo ndani hakiko kwingine. Shika flopi ya inchi 5.25 kwenye mwanga, izungushe taratibu kwa kidole kupitia tundu la katikati, utazame sehemu inayoonekana. Madoa meupe kama unga ni ukungu. Usiitie kwenye drivu, kwani itauchafua mdomo wa kusomea, na mdomo mchafu utaikwaruza flopi inayofuata. Zenye ukungu zitenge kwenye kasha lao.

Zilizo safi zisomwe kwa kifaa kama Greaseweazle, ambacho huunganisha drivu ya zamani na kompyuta ya kisasa kwa USB na kunakili alama za sumaku zenyewe badala ya faili tu. Hivyo unaweza kunakili hata flopi za mashine usiyokuwa nayo. Kila baada ya flopi chache, safisha mdomo kwa pamba na alkoholi.

Jambo moja la adabu. Flopi za ofisi zina hesabu za watu, mishahara, hati za mizigo, barua. Nakili programu na mfumo wa mashine. Yaliyo ya watu wengine, mwenyewe akijulikana mrudishie au mwulize, asipojulikana usiyaweke hadharani.

Diski ngumu za kale nazo ziandikie mpango wa kuwashwa mara moja tu: siku unayoiwasha, kila kitu cha kunakilia kiwe tayari mezani.

Hatua ya 5: Amua foleni

Sasa betri zimetoka, mashine zimelala pakavu, flopi zimenakiliwa. Ndipo unapoketi na kaunta buku kuamua ipi inaanza. Mimi hutumia utepe wa rangi: mwekundu kwa inayoendelea kuharibika bado (kapasita zinavuja, kutu inatambaa), njano kwa iliyotulia lakini haifanyi kazi, kijani kwa inayofanya kazi. Nyekundu zinatangulia, hata kama ni kompyuta usiyoipenda.

Ila kama ndiyo mara yako ya kwanza kushika pasi ya kulehemu, nyekundu yako ya kwanza isiwe ile adimu. Anza na bodi ya Pentium ya miaka ya 2000 yenye kapasita zilizovimba vichwa. Zipo tele kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kapasita zake ni kubwa na rahisi kuzifikia, na ukiharibu hujapoteza historia ya mtu. Sakhr ya Kiarabu haina nafasi ya pili.

Kwa kila mashine andika pia mwisho wake. Je, unataka iwake tu? Ifanye kazi kila siku? Au irudi kama ilivyotoka dukani mpaka skurubu? Usipoandika mwisho, kazi haiishi. Na kila sehemu ya asili unayoitoa iingie mfukoni, iandikwe namba ya mashine, ihifadhiwe. Atakayeimiliki baada yako anaweza kuitaka.

Hatua ya 6: Mpango wa mashine moja, kwa mfano 386

Hapa nitaandika ukurasa wenyewe ulivyo, kwa sababu mpango wa jumla hausaidii ukiwa umeketi mezani.

Kwanza pawa sapulai, ikiwa imetolewa kabisa kwenye mashine. Ifungue ikiwa imekaa bila stima siku kadhaa, na hata hivyo usiguse kapasita kubwa mbili kabla ya kuzipima volti kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme. Tafuta kapasita za karatasi zenye ganda la njano linaloonyesha ndani, za jina RIFA. Ganda lake hupata nyufa, unyevu unaingia, na siku ya kuwashwa inapasuka kwa moshi mweupe wenye harufu isiyotoka chumbani wiki nzima. BBC Micro inasifika kwa hili, lakini zimo kwenye mashine nyingi. Katika unyevu wa Mombasa sizisubirishi: natoa zote na kuweka mpya za daraja la X2, thamani ileile. Kapasita ya kawaida haifai mahali hapo, kwa sababu iko moja kwa moja kwenye stima ya ukutani.

Kisha iwashe kupitia balbu ya siriz, ile balbu ya kizamani ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyofungwa katika mfululizo na waya wa moto, kama mafundi wa redio wanavyofanya. Ipe sapulai mzigo kidogo, diski mbovu au balbu ya gari, maana sapulai nyingi za zamani hazitulii bila mzigo. Balbu ya siriz ikimulika mara moja na kufifia, ni dalili njema. Ikibaki inang'aa, kuna shoti. Zima. Ikishapita hapo, iwashe bila balbu ya siriz upime: laini ya volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, na ya 12 kati ya 11.4 na 12.6.

Pili bodi. Kwa multimita ya mlio, fuata kila njia iliyopita kwenye mraba uliouchora. Iliyokatika iungwe kwa waya mwembamba kutoka nukta hadi nukta. Chipu ya kibodi itoke kwenye soketi, na soketi ikiwa imeliwa ibadilishwe. Tafuta kapasita za tantalamu, zile kama tone la rangi ya chungwa au buluu. Zikizeeka hupiga shoti, na sapulai inagoma kuwaka.

Tatu, betri mpya, lakini isirudi juu ya bodi. Bodi nyingi zina pini nne za betri ya nje: funga kishikio cha betri tatu za AA kwa waya mrefu, kikae mbali, hata zikivuja zisiguse kitu. Anayetaka kuweka CR2032 mahali pa ile ya zamani lazima aweke na dayodi, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwani bodi itajaribu kuichaji na betri hiyo haichajiwi.

Nne, kuunganisha. Plagi mbili za sapulai, P8 na P9, zinakaa kando kwa kando, na waya nyeusi lazima zikutane katikati. Ukizigeuza umeichoma bodi. Anza na bodi, kumbukumbu, kadi ya skrini na spika peke yake. Sikiliza milio. Diski na kadi nyingine ziongezwe moja moja.

Mashine nyingine zina mitego yao, iandike kabla hujafika. Sapulai ya asili ya Commodore 64 imemiminiwa gundi ngumu na haifunguki, na ikifa hupandisha laini ya volti 5 na kuua chipu za kumbukumbu. Usiitumie, nunua mpya. ZX Spectrum inataka volti 9 na hasi iko katikati ya plagi, kinyume na adapta nyingi zilizo nyumbani. Na skrini za kioo kikubwa zina maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa. Kama hujafundishwa na mtu aliyesimama kando yako, hiyo mpe fundi wa televisheni.

Hatua ya 7: Fedha na vipuri

Pitia kurasa zote kabla ya kununua hata kapasita moja. Utakuta mashine nne zinataka thamani zilezile, na agizo moja kutoka Uingereza au Ujerumani lina nafuu kuliko manne, kwa posta na kwa ushuru. Vitu vya kawaida, kapasita, soketi, alkoholi, waya, vinapatikana Luthuli Avenue, Nairobi, na mizigo midogo inafika Mombasa asubuhi kwa basi la usiku. Kapasita utakazozikuta kwa bei ya chini ya ajabu zikatae. Nunua zilizoandikwa digrii 105, kwa sababu ya joto letu.

Hatua ya 8: Fuata pepo

Kalenda ya kazi hii pwani imeshapangwa na pepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua ni kali na mvua haba. Hapo osha bodi, kausha, paka rangi chuma kilichoshika kutu. Anayetaka kuondoa umanjano wa plastiki naye afanye wakati huo. Krimu ya kupaushia nywele yenye haidrojeni peroksaidi asilimia 12, ambayo maduka ya vifaa vya saluni huiita voliumu 40, hupakwa kwa glavu, plastiki ikafungwa kwa karatasi ya nailoni na kuanikwa, ikigeuzwa kila mara isitoke na michirizi. Lakini jua la saa saba la Mombasa linaweza kuipinda, basi anika asubuhi. Kwa maoni yangu hii ni kazi ya mwisho kabisa. Umanjano hauui mashine, tena unaweza kurudi.

Masika yakiingia, na Mei ndiyo yenye mvua nyingi kuliko miezi yote hapa, usifungue makasha ovyo. Chapa maelezo, panga nakala za flopi, tuma maagizo. Stima hukatika-katika wakati huo, na inaporudi hurudi kwa kishindo, kwa hiyo hakuna mashine ya zamani inayobaki kwenye plagi. Kusi ikishatulia, Julai na Agosti, hewa ni ya baridi kidogo na mtu anaweza kuketi na pasi ya kulehemu saa nyingi bila jasho kudondokea bodi. Hiyo ndiyo miezi ya kulehemu.

Na kaskazi ikirudi, fungua kila kasha. Kausha silika, tazama tena mahali palipokuwa na betri kama kijani kimerudi, washa kila yenye utepe wa kijani kwa saa moja hivi, pima laini ya volti 5, andika tarehe na kipimo ukurasani. Iliyobadilika inaondoka kwenye kijani siku hiyohiyo na kuingia kwenye foleni ya kusi inayofuata.